Tafsiri ya karatasi za familia: andika kilichopo, eleza kilichokosekana

Hati ya kipindi cha redio. Sauti mbili, ya kiume na ya kike. Muda: dakika 20 hivi.

Kwa watangazaji: Kipindi hiki kimeandikwa kwa wasikilizaji wa Kanama na maeneo ya jirani wilayani Rubavu, wenyeji na wakimbizi. Someni hati yote mara moja kabla ya kwenda hewani. Majina ya nyaraka ya Kifaransa na Kinyarwanda yasomwe polepole, mara mbili. Mwishoni ongezeni siku na saa za kazi za ofisi zilizo karibu nanyi.

MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA

SAUTI YA 1: Leo tunazungumza juu ya karatasi. Familia nyingi za eneo letu zimegawanyika. Baba yuko Canada, mama na watoto wako hapa. Dada yuko Ubelgiji, mume wake yuko kambini Mahama. Ili waungane tena, ombi hupelekwa kwenye ofisi ya uhamiaji ya nchi ile. Ombi hilo linahitaji cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, cheti cha ndoa, na wakati mwingine cheti cha kifo au uamuzi wa mahakama.

SAUTI YA 2: Na karatasi hizo, kaka, zimeandikwa kwa Kifaransa au Kinyarwanda, mara chache kwa Kiswahili. Afisa atakayezisoma huenda hajui hata moja ya lugha hizo, wala hajawahi kufika kwetu. Anachokijua juu ya familia yako ni kile tu kilichoandikwa kwenye tafsiri. Tafsiri ikisema jambo moja na fomu ikasema lingine, hawezi kukupigia simu akuulize ulimaanisha nini. Ataandika kwamba maelezo hayalingani, na faili litarudi au litakaa.

SAUTI YA 1: Kwa hiyo kuna kanuni moja tutakayoirudia leo: tafsiri huandika kile kilichomo kwenye karatasi, bila kuongeza, bila kupunguza, bila kusahihisha. Kama karatasi ina kasoro, kasoro hiyo huelezwa kwa barua au kwa kiapo, mahali pake. Mfasiri haitengenezi.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA KWANZA: NINI KIFASIRIWE, NA NANI AFASIRI

SAUTI YA 2: Tuanze na swali ambalo huulizwa sana: je, kila karatasi ifasiriwe? Hapana. Itategemea nchi unakopeleka ombi. Canada hupokea karatasi za Kiingereza na za Kifaransa. Cheti cha kuzaliwa cha Kongo kilichoandikwa kwa Kifaransa hakihitaji tafsiri kwa ombi la Canada. Yupo anayelipa pesa kukigeuza kiwe Kiingereza, na pesa hiyo angeweza kubaki nayo. Lakini cheti hicho hicho kikipelekwa Marekani au Uingereza, lazima kifasiriwe kwa Kiingereza.

SAUTI YA 1: Na kwa karatasi za Rwanda?

SAUTI YA 2: Zitazame kwanza. Rwanda ina lugha nne rasmi: Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza, na tangu 2017 Kiswahili pia. Karatasi nyingine hutolewa zikiwa tayari na lugha mbili au tatu. Kama kila mstari una Kiingereza chake, huenda huna haja ya mfasiri. Kama kichwa tu ndicho kina Kiingereza lakini maelezo ya ndani ni Kinyarwanda, hiyo bado inahitaji tafsiri.

SAUTI YA 1: Sasa, nani anaruhusiwa kufasiri? Hapa nchi zinatofautiana, kwa hiyo sikiliza vizuri. Marekani inataka tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na maneno yaliyotiwa sahihi na mfasiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anaijua lugha hiyo vya kutosha kuifasiri. Haidai kwamba awe ameapishwa mahakamani. Uingereza inataka mfasiri athibitishe kuwa tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na anwani au simu ya kumpata.

SAUTI YA 2: Canada ni kali zaidi. Mfasiri asipokuwa mwanachama wa chama cha wafasiri kinachotambuliwa, lazima ale kiapo cha maandishi mbele ya noteri au mtu mwingine mwenye mamlaka ya kuapisha. Na tafsiri haiwezi kufanywa na mwombaji mwenyewe wala na jamaa yake. Si mume wala mke, si mzazi, mtoto, ndugu, babu, bibi, shangazi, mjomba, mpwa, wala binamu. Hata kama mtoto wa dada yako amesoma chuo kikuu na Kiingereza chake ni safi, tafsiri yake haitapokelewa. Ubelgiji nayo hutaka mfasiri aliyeapishwa, ingawa karatasi ya Kifaransa kwa kawaida hupokelewa ilivyo, kwa kuwa Kifaransa ni mojawapo ya lugha za nchi hiyo.

SAUTI YA 1: Kwa ufupi: tafuta mtu asiye wa familia, anayezijua lugha zote mbili, na atakayekubali kuandika jina lake na simu yake chini ya kazi yake. Anayekataa kuweka jina lake, usimpe karatasi zako.

SAUTI YA 2: Na tafsiri iwe ya karatasi nzima. Mihuri ifasiriwe. Maneno ya pembeni yafasiriwe. Jina la cheo cha aliyetia sahihi lifasiriwe. Palipofutika, mfasiri aandike kwamba hapasomeki. Asikisie. Kisha tafsiri iambatane na nakala ya karatasi ya asili, zisitengane.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA PILI: MAJINA

SAUTI YA 1: Sasa tufike kwenye jambo linalosumbua kuliko yote, majina. Fomu za nchi nyingi zina nafasi mbili: jina la mtu na jina la ukoo. Wanadhani baba, mama na watoto watakuwa na jina moja la ukoo. Kwetu sivyo. Nchini Rwanda, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda. Baba na watoto wake wanne wanaweza kuwa na majina matano tofauti, na wote ni familia moja halali.

SAUTI YA 2: Na Kongo, watu huandikwa kwa majina matatu: "nom", "postnom" na "prénom". Tuseme karatasi ina Bahati, Furaha na Esther. Katika fomu moja mtu akaandika Bahati kuwa jina la ukoo. Katika nyingine akaandika Furaha. Kwa afisa wa mbali, hao ni watu wawili.

SAUTI YA 1: Wazee wana jambo jingine. Mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni. Aliyesajiliwa miaka ile anaweza kuwa na cheti kisicho na jina la Kikristo, wakati kadi yake ya sasa ya ukimbizi inalo. Anapoona hivyo, mtu hushawishika kumwambia mfasiri, "Niongezee Joseph hapo mbele, ndilo jina langu."

SAUTI YA 2: Asiongeze! Karatasi ya asili imeambatanishwa. Afisa ataona kwamba jina hilo halimo, na ataanza kutilia shaka hata yale yaliyo kweli. Njia sahihi ni hii: chagua mpangilio mmoja wa majina na uutumie katika fomu zote, ule ule ulio kwenye pasipoti yako au kwenye kadi yako ya ukimbizi. Fomu nyingi zina nafasi ya kuandika majina mengine uliyowahi kutumia. Andika yote hapo. Kisha ambatanisha barua fupi: "Katika cheti cha mwaka fulani ninaitwa hivi, katika kadi ya sasa ninaitwa hivi, na sababu ni hii."

SAUTI YA 1: Vivyo hivyo kwa herufi. Karani mmoja aliandika kwa L, mwingine kwa R. Mmoja aliandika "Mu-", mwingine "Mw-". Mfasiri anakili herufi kwa herufi. Anaweza kuweka maelezo mafupi kwenye mabano, akisema wazi kuwa ni maelezo ya mfasiri. Kusawazisha majina si kazi yake.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA TATU: MAHALI NA TAREHE

SAUTI YA 2: Kaka, hapa kwetu Kanama tuna mtego wetu wenyewe. Kwa Kinyarwanda, Kanama ni jina la mahali, tena ni jina la mwezi wa nane.

SAUTI YA 1: Ndiyo. Karatasi inaweza kusema mtu alizaliwa Kanama, katika mwezi wa Kanama, mwaka 1987. Mfasiri aliye mbali, au programu ya kufasiri ya kwenye simu, inaweza kugeuza mahali kuwa Agosti, au mwezi kuwa jina la kijiji. Ukipokea tafsiri yako, tazama hapo kwanza. Miezi mingine nayo ihakikishwe: Kamena ni Juni, Nyakanga ni Julai. Majina haya hayafanani na yale ya Kiingereza wala ya Kifaransa, na asiyeyajua hukisia.

SAUTI YA 2: Tena kuna tarehe za tarakimu. Sisi tukiandika 03/07/2009 tunamaanisha siku ya tatu ya mwezi wa saba. Mmarekani akiisoma ataona mwezi wa tatu, siku ya saba. Dawa yake ni rahisi: katika tafsiri, mwezi uandikwe kwa jina lake. Saa nazo ziangaliwe. Saa tatu usiku kwa Kiswahili ni saa 21 kwa hesabu ya ofisi. Na tunaposema "usiku wa kuamkia Jumapili", tunazungumza juu ya usiku wa Jumamosi. Katika maelezo ya mkimbizi kuhusu siku aliyokimbia, kosa kama hilo hugeuza habari nzima.

SAUTI YA 1: Sasa majina ya utawala. Aliyezaliwa hapa miaka ya 1980 ana karatasi inayosema komini ya Kanama, perefektire ya Gisenyi. Mdogo wake aliyezaliwa 2008 ana karatasi inayosema sekta ya Kanama, wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi. Mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni mipaka na majina, katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006.

SAUTI YA 2: Na ng'ambo ya mpaka hali ni hiyo hiyo. Aliyezaliwa Goma mwaka 1980 alizaliwa katika nchi iliyoitwa Zaire, katika mkoa wa Kivu. Jina la Zaire lilitumika kuanzia 1971 hadi 1997. Kivu iligawanywa mwaka 1988, ikatoka Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kwa hiyo mfasiri aandike Zaire kama karatasi inavyosema Zaire. Barua yako ya maelezo ndiyo itakayosema kwamba leo mahali hapo ni Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA NNE: NANI NI NANI KATIKA FAMILIA

SAUTI YA 1: Tumekuja kwenye sehemu inayogusa moyo. Kwa Kiswahili, ndugu wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa. Kwa Kinyarwanda ni "data wacu", na ukilifasiri neno kwa neno unapata "baba yetu". Mtoto wa "data wacu" kwetu ni ndugu kabisa. Lakini katika sheria ya uhamiaji, baba ni baba mzazi au aliyekuasili kisheria, na ndugu ni yule mliyechangia mzazi.

SAUTI YA 2: Tuchukue mfano. Mama mmoja analea watoto watano. Watatu amewazaa. Wawili ni wa marehemu dada yake, na mdogo kati yao alimchukua akiwa na miezi mitatu. Nyumbani wote humwita mama. Akiulizwa ana watoto wangapi, atasema watano, na hasemi uongo. Mkalimani akiandika "watoto wake watano" bila kuuliza zaidi, na fomu ikajazwa hivyo, faili limeingia kosa.

SAUTI YA 1: Litajulikana vipi?

SAUTI YA 2: Karatasi zisipotosha, nchi inaweza kuomba kipimo cha vinasaba, yaani DNA. Kipimo kikionyesha kwamba wawili hawakuzaliwa na mama huyo, ofisi haitawaza juu ya mapenzi aliyowalea nayo. Itawaza kwamba amedanganya, na hata wale watatu wanaweza kukwama. Angesema tangu mwanzo, "Hawa wawili ni watoto wa dada yangu aliyefariki, ninawalea", kuna njia za kisheria: karatasi ya ulezi, cheti cha kifo cha mama yao, ushahidi wa kwamba wamekaa naye.

SAUTI YA 1: Kwa hiyo, unapoongea na mkalimani au mfasiri, usiishie kwenye neno "mtoto" au "ndugu". Sema: niliyemzaa. Mtoto wa dada yangu. Mtoto wa kaka wa baba yangu. Mke niliyefunga naye ndoa serikalini. Mke niliyemtolea mahari, lakini hatujaandikishwa. Kila hali ina karatasi yake. Cheti cha ndoa ya kanisani kifasiriwe kama cheti cha kanisa. Kukipa jina la cheti cha serikali hakuwasaidii.

SAUTI YA 2: Pia kwa waliozaliwa Kongo: "acte de naissance" si sawa na "attestation de naissance". Ya kwanza ni hati ya kuzaliwa iliyoandikwa katika daftari la serikali. Ya pili ni uthibitisho tu kwamba mtoto alizaliwa. Sheria ya Kongo inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, hupatikana hati kwa uamuzi wa mahakama. Mfasiri akizipa karatasi hizo zote jina moja, afisa ataona karatasi tatu zinazogombana.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA TANO: KARATASI ILIYOPOTEA

SAUTI YA 1: Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda, mto Sebeya ukafurika, nyumba zikabebwa. Watu zaidi ya 130 walifariki nchini. Walionusurika wengi walitoka na nguo walizovaa. Na wale waliovuka mpaka kukimbia vita, waliopokelewa Nkamira mwaka 2012 na tena kuanzia mwisho wa 2022, wengi walifika mikono mitupu. Wafanye nini?

SAUTI YA 2: Kwa raia wa Rwanda, anzia ofisi ya sekta au kwa wakala wa Irembo. Tangu Agosti 2020 kuzaliwa kwa mtoto kunaandikishwa pia kwenye hospitali na vituo vya afya, na rekodi huingia kwenye mfumo wa taifa wa kompyuta. Nakala mpya yaweza kupatikana. Kwa mkimbizi, usirudi peke yako kwenye hatari ili kutafuta karatasi. Mtoto aliyezaliwa hapa Rwanda aandikishwe hapa. Kwa waliozaliwa kabla, kusanya vinavyobaki: cheti cha ubatizo kutoka parokia, kadi ya chanjo, ripoti ya shule, kadi ya ukimbizi na orodha ya familia iliyoandikishwa na serikali pamoja na UNHCR.

SAUTI YA 1: Na mtu asikate tamaa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia inasema kwamba ombi la mkimbizi lisikataliwe kwa sababu tu ya kukosa karatasi. Ushahidi mwingine lazima uangaliwe. Karatasi ya kughushi, kwa upande wake, inaweza kuangusha ombi zima. Kukosa cheti ni jambo linaloelezeka. Cheti cha uongo hakielezeki.

SAUTI YA 2: Kuna pia wale waliopotezana njiani na hawajui mwenzao yuko wapi. Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana na hupeleka ujumbe wao bila malipo.

MUZIKI MFUPI

SEHEMU YA SITA: PESA, MIHURI NA MUDA

SAUTI YA 1: Huduma zote za UNHCR ni bure. Anayekwambia lipa ili faili lako lisogezwe ni tapeli, hata akivaa kitambulisho shingoni. Mfasiri wa binafsi anastahili malipo ya kazi yake, lakini mkubaliane bei kwa kila ukurasa kabla hajaanza, na uchukue risiti. Usimwachie karatasi ya asili. Mpe fotokopi au picha iliyo wazi.

SAUTI YA 2: Kuhusu mihuri: Rwanda ilijiunga na mkataba wa apostili, na ulianza kutumika hapa tarehe 5 Juni 2024. Apostili ni uthibitisho kwamba sahihi na muhuri wa karatasi ni vya kweli, ili nchi nyingine iliyo kwenye mkataba ipokee. Haithibitishi tafsiri. Si kila ombi la familia linaihitaji, kwa hiyo soma orodha ya nchi yako kabla ya kulipa. Ikihitajika, ipate kwanza, kisha ifasiriwe pamoja na karatasi.

SAUTI YA 1: Na muda. Mkimbizi aliyepokelewa Canada kutoka nje ana mwaka mmoja wa kuomba mume au mke na watoto wanaomtegemea wamfuate kwa njia ya wakimbizi, ikiwa aliwataja tangu mwanzo. Mtoto ambaye hakutajwa kwa kawaida huzuiwa baadaye. Sheria ya Marekani inampa aliyeingia kama mkimbizi miaka 2 ya kuwaombea mume au mke, na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21. Kanuni na milango ya kupokea watu hubadilika. Kabla ya kutuma, uliza ofisi yenyewe au shirika linalosaidia wakimbizi bure.

SAUTI YA 2: Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi zako zitie kwenye mfuko wa plastiki, mahali utakapoushika hata gizani. Piga picha kila moja, na umtumie picha hizo mtu unayemwamini aliye mahali pengine.

SAUTI YA 1: Tukumbuke ya leo. Moja: uliza nchi ile inataka lugha gani na mfasiri wa aina gani. Mbili: mfasiri asiwe wa familia. Tatu: majina, mahali na tarehe zinakiliwe zilivyo. Nne: tofauti zielezwe kwa barua. Tano: kila mtoto atajwe, na kila uhusiano usemwe kwa ukweli wake.

SAUTI YA 2: Kabla hujatia sahihi, mwombe mtu mwingine akusomee tafsiri yote kwa lugha yako, mstari kwa mstari, ukiwa na karatasi ya asili mkononi. Nusu saa hiyo inaweza kukuokolea mwaka mzima. Mungu awakutanishe na wenu.

MUZIKI WA KUFUNGA

Maswali ya kujadili katika vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika nyumba yako, ni karatasi zipi zina majina yanayotofautiana? Tofauti hiyo ungeielezaje kwa sentensi mbili?

2. Taja watu watano unaowaita ndugu. Eleza uhusiano wa kila mmoja bila kutumia neno ndugu.

3. Mafuriko yakija usiku huu, karatasi zako ziko wapi, na nani mwingine ana nakala yake?